Kahawa ya Ngamiani, na NATO ubaoni

Kijiwe chenyewe hakina kibao. Kiko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na ukimwambia bodaboda akupeleke kwa Mwalimu wa kahawa hatakuuliza mara mbili. Nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa mtu anayetaka kuzielewa siasa za ulinzi za Ulaya na Marekani, na muungano wa kijeshi wa NATO unaoziunganisha, sijaona mahali pa kukishinda hapa Tanga.

Mimi ni wakala wa forodha bandarini. Vijiwe vingi vya kahawa mjini hapa mwanamke akikaa hutazamwa kama kapotea njia. Hapa nilipewa kikombe kama mteja mwingine yeyote, nikachangia mada, nikaachiwa nimalize. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kahawa yenyewe, ingawa kahawa nayo ni nzuri: chungu, ya dele juu ya makaa, tangawizi imepondwa na kuchemka pamoja na buni tangu mwanzo. Vikombe vinasuuzwa kwa maji ya moto unaona. Sh 200 kikombe. Kashata chukua za karanga, za nazi sukari imezidi.

Ila watu hawaendi kwa kashata. Baada ya swala ya Isha wanatazama taarifa ya habari, televisheni inazimwa, na Mwalimu, mstaafu mwenye kijiwe, anashika chaki. Sheria zake ni mbili. Ukileta habari, sema umeitoa wapi. Ukitaka kumpinga mwenzako, kwanza irudie hoja yake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Hiyo ya pili ndiyo inayokifanya kijiwe hiki kiwe tofauti na makelele ya kwingineko.

Usiku mmoja fundi pikipiki alisema Trump kawakamua Wazungu, wamekubali asilimia tano ya pato la taifa iende kwenye bunduki. Mwalimu aliandika 3.5, chini yake 1.5.

"Mwanangu, hiyo ya juu ndiyo ya jeshi lenyewe, askari na silaha. Ya chini ni ya mambo yanayolibeba jeshi: madaraja, bandari, ulinzi wa mitandao. Nchi za NATO zimeafikiana The Hague, Uholanzi, Juni 2025, na zimejipa mpaka 2035."

Kisha akaandika 2014 pembeni. Mwaka huo, kule Wales, waliahidiana asilimia mbili tu, na miaka kumi ilipotimia walikuwepo ambao hawajafika, Uhispania ikiwemo. Uhispania hiyo hiyo ndiyo iliyoigomea asilimia tano. Fundi akauliza, sasa Marekani ikinung'unika ina kosa gani? Baharia mmoja mzee akairudia hoja ya kijana vizuri kabisa, ndipo akajibu: Kifungu cha 5, kile cha kwamba akishambuliwa mmoja wameshambuliwa wote, kimetumika mara moja tu tangu NATO iundwe 1949. Ilikuwa baada ya 11 Septemba 2001, na walioshambuliwa walikuwa Wamarekani. Wazungu wakaenda Afghanistan, na wapo waliozikwa kwa ajili hiyo. Fundi alikubali kwamba deni lina pande mbili. Sijawahi kusikia suala hili likichambuliwa hivi redioni.

Mchango wangu mimi ulikuwa Bahari ya Shamu. Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, makampuni mengi yaliacha njia ya Suez yakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Wateja wangu wanaoagiza mashine na mitumba kutoka Ulaya waliona mzigo ukichelewa siku kumi na zaidi, na nauli ikipanda. Niliuliza: kama ni marafiki, kwa nini Marekani ilianzisha operesheni yake Desemba 2023, na Umoja wa Ulaya ukaanzisha nyingine, Aspides, Februari 2024? Tulikaa nalo muda mrefu. Jibu lililosimama ni kwamba lengo lilikuwa moja, njia ndiyo iliyowagawa. Marekani na Uingereza zilipiga ngome za Wahouthi ndani ya Yemen. Aspides ilipewa kazi ya kusindikiza na kulinda meli, si kushambulia nchi kavu. Niliporudi kwa wateja niliweza kuwaeleza kwa nini manowari zipo baharini na mzigo bado hauji.

Mwalimu ana tabia ya kuwakumbusha watu kwamba Novemba 1914 Waingereza waliteremsha jeshi kutoka India hapa hapa Tanga, Wajerumani wakawatimua, na nyuki nao wakawauma. Ujerumani Magharibi iliingia NATO, walimokuwa Waingereza hao hao, 1955, miaka kumi tu baada ya vita vya pili. Anachosisitiza ni kwamba hawakupatana kwa kupendana, walikaa mezani mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana hotuba ya J. D. Vance, Makamu wa Rais wa Marekani, kwenye mkutano wa usalama wa Munich, Ujerumani, Februari 2025, alipowakaripia wenyeji wake wa Ulaya kuhusu demokrasia yao, ilijadiliwa hapa kwa uchungu wa kweli. Mimi niko upande wa wanaosema mkutano ule ni wa kusemezana, hata kwa ukali, na kwamba hatari itaanza siku watakapoacha kwenda.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu. Ikifika habari ya Ukraine, ile sheria ya pili inasahaulika na Mwalimu anawaachia wenye sauti kubwa. Bati linavuja upande wa barabarani, mvua za masika hupati pa kukaa. Na ubao ni mdogo mno, takwimu zinafutwa kabla waliochelewa hawajazinakili.

Fika mapema ukitaka benchi la ukutani. Ijumaa na Jumapili kahawa ipo, mjadala hakuna.