R na deSolve kwa hesabu za faji, nimezitumia semista nzima

Naanza na bei maana najua ndo mnayoitaka. R, programu ya kompyuta ya hesabu na takwimu, ni bure kabisa, faili lake halifiki MB 100, mi nilishusha kwa bando la usiku nikiwa geto Ng'hong'hona. deSolve, nyongeza ya R ya kukokotoa vitu vinavyobadilika kadri muda unavyokwenda, nayo bure, na baada ya kushusha vyote viwili intaneti sikuihitaji tena.

Kazi yangu ilikuwa ya faji, wale virusi wanaoingia kwenye bakteria, wanazaliana humo halafu wanampasua, wanajaribiwa kutibu maambukizi yaliyogomea antibayotiki. Swali ni dozi kiasi gani na umpe mgonjwa lini. Hapo deSolve imenikosha, kuna kitu kinaitwa events, unaandika kajedwali kadogo, nani anaongezwa, muda gani, kiasi gani, unamalizia na "add", basi umeshachoma sindano. Halafu kuna amri inaitwa dede ya kushika ule muda faji yumo ndani hajapasua bado, maana ukiuruka faji wako watazaana haraka kuliko uhalisia.

Namba za mfano nilizoweka: bakteria 10,000 kwa ml wanaokua kwa kasi ya 0.5 kwa saa, kila anayepasuka anatoa faji 100, faji wanakufa kwa kasi ya 1 kwa saa, kunasa bakteria ni 10^-8 ml kwa saa. Ukipiga kwa kalamu tu unaona faji hawaongezeki mpaka bakteria wafike kama milioni moja kwa ml, chini ya hapo wanakufa haraka kuliko wanavyozaana. Watafiti Payne na Jansen waliandika kuhusu kiwango hicho mwaka 2001, ila kuuona kwenye grafu ni kitu kingine bwana. Faji milioni niliowachoma mwanzoni kabisa, kufika saa ya 9 wamebaki mamia tu, na elfu kumi niliowachoma baada ya masaa 10 wakawapita mbali! Dozi ndogo mara 100. Panadol haina mambo haya, haizai tumboni. Nikaongeza na antibayotiki mapema, bakteria wakashuka, faji wakakosa chakula.

Kero sasa. Nilimwandika faji P kwenye modeli, kwenye jedwali la dozi nikaandika p, ikagoma na maandishi mekundu, nimekaa nayo jioni nzima nikidhani nimekosea hesabu kumbe herufi. Kubwa zaidi ni bakteria mizimu, wanashuka mpaka 0.00003 halafu wanafufuka kesho yake, eti kipande cha bakteria kimezaa, inabidi uiambie mwenyewe ikishuka chini ya 1 iweke sifuri. Maelezo yake ya msaada nayo yameandikwa kwa watu wa hesabu, sie wa baiolojia tujitafutie.

Nampa 4 kati ya 5. Ila dede kwenye laptop ya RAM GB 4 ukiipa dozi nyingi za kujaribu, mi huwa naiacha inasaga nashuka kununua chipsi mayai, nikirudi bado.