Harry Potter, kurasa 32, na "mtoto atajua nini?"

Nianze na hasira. Sifa zitafuata zikipata nafasi.

Kipindi fulani cha baridi, ile baridi ya Mbeya ambayo maji ya bomba yanauma meno, nilinunua seti nzima ya Harry Potter, hadithi za kijana anayesoma shule ya uchawi, kwa muuza vitabu mmoja pale Mwanjelwa. Vitabu vyote saba, vimefungwa kwenye nailoni, vinang'aa. Nilitoa laki na ushee, hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya bati za jiko la nje. Binti yangu alikuwa darasa la nne, Kiingereza chake bado cha kuungaunga, kwa hiyo utaratibu wetu ukawa huu: mimi nasoma kimoyomoyo sentensi mbili tatu, kisha namsimulia kwa Kiswahili, na yeye yuko ndani ya blanketi kaacha pua tu.

Cha kwanza tulikimaliza kama mchezo. Cha pili vilevile. Cha tatu ndicho kilichonitoa povu.

Waliokisoma wanapajua ninapopasema. Jioni inaingia, Harry na wenzake wanatoka kwenye kibanda cha Hagrid, mtunza wanyama wa shule, panya wa rafiki yake Ron anafurukuta mkononi utadhani kaona simba. Nikafunua. Mbele yangu kuna jitu zima linaitwa Peter, linalia na kubembeleza lisiuawe, na yule Sirius Black, muuaji aliyetoroka gerezani, tuliyemwogopa kitabu kizima, sasa yuko upande wa Harry kama mjomba wa ukoo. Nikarudi nyuma. Ukurasa wa 240. Nikafunua tena. 273. Panya haonekani, na huyu Peter tulishaambiwa alikufa miaka 12 nyuma, kikapatikana kidole tu. Kafufuka?

"Mama, hebu rudia, sijaelewa."

Mwanangu, hata mama hajaelewa.

Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi ya kuchapa vitabu. Akanieleza kwamba karatasi moja kubwa huchapwa pande zote, ikakunjwakunjwa mpaka ikatoa kurasa 16 au 32, halafu mafungu hayo hupangwa kwa zamu na kugandishwa. Fungu moja likisahaulika mezani, gundi haina macho, jalada linafungwa tu. Sawa. Ajali ya kazi, tena kwa kitabu cha kudurufu kama kile. (Ndiyo, nilijua si halisi. Karatasi ilikuwa ya kijivu mno. Tusihukumiane, halisi ningeitoa wapi kwa bei ile.) Ila kurasa siyo zilizoniudhi.

Jumamosi nikapanda daladala kutoka Uyole na kitabu changu kwenye mfuko. Nikamsalimia vizuri yule bwana, nikamwonyesha 240, nikamwonyesha 273. Hata kukishika hakukishika. Akasema, "Mama, si hadithi za watoto hizo? Mtoto atajua nini?" Nikamwambia mtoto ndiye aliyejua. Akacheka, akamgeukia kijana aliyekuwa anataka kaunta buku.

Mtoto atajua nini. Nimekaa na maneno hayo kuliko nilivyokaa na vitabu vyenyewe. Nikiosha vyombo namjibu. Nikiwa kwenye foleni ya bajaji namjibu. Majibu mazuri yote nimeyapata nikiwa nimeshafika nyumbani.

Kurasa zenyewe nilizipata kwa binamu yangu wa Dar mwenye nakala nzima. Alipiga picha moja moja akanitumia WhatsApp, Mungu ambariki, na bando likaisha katikati. Tukasomea kwenye simu. Panya alipogeuka mtu mbele ya macho ya watu, kumbe ndiye yule Peter, yule aliyekuwa pua tu akakaa kitako, blanketi likaanguka chini. "Kumbe alikuwa analala naye kitandani muda wote!" Ndiyo, kitandani kwa Ron, na kabla ya hapo alikuwa panya wa kaka yake Ron. Hapo ndipo nilipoelewa huyu mwandishi, mama Rowling, kafanya nini. Panya tulimwona tangu kitabu cha kwanza, kalala, mnene, hana faida, tukamcheka pamoja na fimbo ya Ron iliyorithiwa kwa kaka mwingine. Sisi tuliolelewa na sare za kaka na viatu vya dada tulimwona Ron ni wetu, panya tukamchukulia ni alama ya umaskini tu. Kumbe tumefichwa jambo mbele ya macho.

Nikajitungia kipimo, kwa hasira zangu. Chomoa kurasa 32 popote. Hadithi isipotetereka, kitabu hicho kinapewa sifa za bure.

Cha kwanza kinapita, tena kwa kishindo. Kilitoka Uingereza mwaka 1997, kurasa 223 tu, na wachapishaji wenyewe walianza na nakala 500 za jalada gumu, maana yake hata wao roho ilikuwa mkononi. Hakuna cha kuchomoa. Na nitasema jambo ambalo pengine Wazungu hawalioni: kinachovuta humo siyo uchawi, ni bweni. Sisi tunaijua shule ya bweni. Kupangiwa bweni na kuomba usipangiwe lile. Kiranja anayejiona. Kutoroka usiku huku moyo unapiga ngoma. Treni ya kupeleka wanafunzi nayo ilimchanganya binti, kila tukipita Iyunga anataka kujua TAZARA wanaficha wapi jukwaa lao la tisa na robo tatu, lile la siri inakoondokea treni ya kina Harry.

Uchawi ndio ulionisumbua kuufasiri. Neno lenyewe ni "mchawi" na huku kwetu neno hilo linamfukuzisha bibi kizee kijijini. Nilijaribu "wanamazingaombwe", ikawa kama nasimulia sherehe ya shule. Tulipoenda Tukuyu kwa mama yangu nikajisahau nikasema mtoto kapata nafasi shule ya uchawi, na barua kaletewa na bundi. Mama akaacha kumenya ndizi. Kwake bundi akilia juu ya paa mtu anaulizia nani mgonjwa. "Bundi kaingia mpaka ndani? Na ada analipa nani?" Ada. Nikakosa jibu, na nimeshapitia vitabu hivyo bila kuona mahali mzazi anadaiwa ada. Vitabu, nguo, vyungu vya kupikia dawa, hivyo wananunua, na kina Ron wanahangaika. Ada, kimya. Sasa hiyo ndiyo njozi hasa.

Cha nne nakipa nusu. Cha tano, jamani.

Kurasa 766. Kwa lugha ya sokoni hilo ni tofali. Harry anafika shuleni sura ya 11! Kabla ya hapo amefungiwa kwenye nyumba chafu ya kina Sirius, wanafanya usafi. Wanapuliza dawa wadudu kwenye mapazia. Wanatoa makorokoro kabatini. Harry ana hasira, anawafokea marafiki zake kwa herufi kubwa tupu, ukurasa unapiga kelele. Mimi nimetoka kazini, nimepika, miguu imeganda, halafu nisimulie watu wanaokung'uta mapazia? Pale kipimo changu kikasema wazi: chomoa hata kurasa 200, hakuna atakayeshtuka. Umaarufu ulishafika, nani angethubutu kumwambia mama yule apunguze. Yule mwalimu wa nguo za waridi, Umbridge, ndiye pekee aliyenishika. Anaadhibu mtoto kwa kumwandikisha sentensi ileile mpaka maneno yanachanika kwenye ngozi ya mkono, huku anatabasamu. Binti aliuliza maswali mengi usiku ule, na mengine yalikuwa ya shuleni kwake, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Basi nikaruka. Nakiri. Usafi wote wa ile nyumba niliufanya sentensi moja: "wakasafisha nyumba, wakachoka." Nikaendelea hivyo kwa kila sehemu iliyonichosha, na hapo ningekuwa nimeandika kwamba vitatu vya mwanzo vinastahili sifa zote na vinavyofuata vinaishi kwa jina. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Tukafika cha saba, binti sasa yuko la sita. Harry na wenzake wanatafuta kidani fulani, maisha ya watu wote yanakitegemea, na rafiki yao Hermione anakumbuka kwamba kidani hicho walishakishika. Kwenye ile nyumba. Siku ile ya usafi. Kilikuwa kabatini, kizito, hakuna aliyeweza kukifungua.

"Kidani gani?" binti akauliza.

Nikasema walikipata zamani.

"Hukunisomea."

Akainuka, akaenda kukivuta cha tano chini ya kitanda. Nilimsikia anafunua kurasa chumbani kwa muda mrefu, nami nimeshika chai yangu inapoa. Akarudi kidole kikiwa katikati ya tofali. "Hiki hapa. Mstari mmoja tu. Mama, ulivuka kwa nini?"

Nilitaka kumwambia nilidhani hatajua. Nikayasikia maneno yenyewe kabla hayajatoka, na sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya Mwanjelwa.

Kwa hiyo kuhusu cha tano sina tena uhakika. Bado naona kinachosha, na zile kelele za herufi kubwa sitazitetea, ila kipimo changu kimevunjika mkononi mwangu. Cha saba ndiyo kabisa siwezi kukisemea. Alikimalizia mwenyewe, kimoyomoyo, mlango umefungwa. Nilipomwomba anisimulie mwisho alikataa. Alisema kama nataka kujua, nikisome, na nianzie nilipovuka.