Walisoma kodi moja, wakaizika injini yangu

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, nilibadilisha mwenyewe nyumbani, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Hedi ilikwenda kusawazishwa, bolti zilikuwa mpya, nikazikaza kwa hatua kuanzia katikati kwenda pembeni. Gari likawaka. Ila lilikuwa linamisi, yaani silinda inaruka kuwaka, linatoa moshi mweupe, na mshale wa joto unaruka juu kisha unashuka. Juzijuzi nikalipeleka kwenye gereji inayosifiwa kwa vipimo.

Vipimo gani! Fundi mkuu alichomeka mashine, ikatoa kodi ya hitilafu P0302, yaani silinda ya pili haiwaki sawasawa, akachomoa. Akauliza nani alifungua hedi. Nikasema mimi. Basi, uchunguzi ukaishia hapo.

"Mzee, hii si kazi ya kuangalia kwenye simu. Gasketi imeungua tena na hedi imepinda. Tafuta injini nyingine."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la wateja, mmoja akacheka.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, hakupima. Silinda mbili jirani zikisoma chini pamoja, sawa, shuku gasketi katikati yake. Zote zikiwa chini kwa usawa, katazame taimingi, yaani mpangilio wa kufunguka kwa valvu. Yeye alijuaje? Kijiti cha oili hakukichomoa aone kama oili imegeuka rangi ya maziwa. Na moshi mweupe si ushahidi peke yake: maji yaliyobaki kwenye ekzosti baada ya ukarabati hutoa mvuke kwa muda hata gasketi ikiwa nzima.

Kilichonichoma hasa ni rafu iliyokuwa nyuma ya kichwa chake. Pale palikuwa na kile kipimo cha dawa ya bluu, kizibo kimejaa vumbi. Unakiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, unaminya mpira, kinavuta hewa iliyo juu ya maji. Kama gesi ya mwako inavuja humo, bluu inageuka njano. Kazi ya dakika chache!

Labda siku hiyo kazi zilimzidi, maana gereji ilijaa na simu yake haikunyamaza. Lakini simu haimzuii mtu kunyoosha mkono.

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, tena baada ya kusubirishwa mpaka injini ikapoa. Nikiwa natoka, kijana mmoja wa pale akanifuata na kile kipimo mkononi.

"Shikamoo mzee. Tujaribu hiki kabla hujaondoka?"

Tukawasha, tukasubiri, akaminya na kuminya. Dawa ikabaki bluu. Akaniuliza kama hita inatoa joto. Kuiwasha, ikatoa baridi tupu, na injini ilishapata moto. "Kuna hewa imenasa kwenye maji," akasema. Tukazima mpaka ikapoa, tukainua pua ya gari, tukafungua kizibo cha rejeta, hita tukaiweka mwisho, tukawasha tena. Thamostati ilipofunguka yakatoka mapovu makubwa, tukawa tunajazia maji. Mshale ukatulia.

Ikabaki misi. Akabadilishana koili, ile inayoipa plagi umeme, ya silinda ya pili na ya tatu, kodi ikabaki palepale kwenye ya pili, kwa hiyo koili ni nzima. Akashika soketi ya waya wake, akaitikisa kidogo, na mlio wa injini ukabadilika mkononi mwake. Klipu ya plastiki inayoifunga ilikatika kwa uzee, soketi inacheza. Akaikaza kwa zipu tai mpaka nipate nyingine. Hiyo ndiyo injini iliyotakiwa kutupwa.

Nilikuwa nimeipa gereji nyota moja mtandaoni. Kwa ajili ya kijana nikapandisha mpaka nne, mtu kama yule anastahili. Kisha nikaitoa risiti mfukoni, nikakuta wameandika "uchunguzi kamili wa injini". Nairudisha moja, na kijana akifungua gereji yake nitahamia huko.