Bao la mvule kutoka Langoni: zuri, ila zihesabu komwe

Nimelinunua kwa fundi mmoja wa Langoni, hapa Lamu, shilingi 4,500. Ubao ni wa mvule mkavu, mashimo yote 32 yamesuguliwa hata kidole hakikwami, na nyumba mbili, yaani shimo kuu la kila mchezaji, zimechongwa mraba kama inavyotakiwa. Kazi ya mkono hiyo, sina neno.

Tatizo komwe, zile mbegu za kuchezea. Mwanangu alizipanga mkekani safu nane za nane, pembeni pakabaki pengo. 63! Nikarudi. Fundi akacheka: "Mwalimu, si moja tu hiyo?"

Moja tu? 64 unaikata nusu kwa nusu mara 6 mpaka ibaki 1, bila kipande. Ni 8 mara 8, tena ni 4 mara 4 mara 4. Ukiziacha 0 na 1, hakuna namba nzima ndogo zaidi iliyo mraba na mchemraba kwa pamoja. Na mchezoni kila mtu huanza na 32: 10 ubaoni, 22 mkononi. Hiyo 63 utaigawaje?

Akanipa komwe mbili, ya pili akiba. Nyota nne. Ya tano nimemkata kwa kile kicheko.