Shata ya chuma kutoka Kamukunji: nyota nne, pamoja na Zaburi 127

Nauza viatu vya watoto kwenye kiduka, Mtaa wa Ronald Ngala, Nairobi. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni kwa hasira ya Muswada wa Fedha, mlango wangu ulikuwa wa kioo, na kwenye kioo nimebandika stika ya Zaburi 91. Nilifunga saa nne asubuhi, nikakanyaga hadi Muthurwa. Kesho yake Rais anatangaza hatautia sahihi muswada, mimi nafagia vigae. Stika ilikuwa bado imeng'ang'ania kipande kimoja. Viatu vya maonyesho vyote vilibebwa, na huwa naweka vya mguu wa kulia tu! Vya kushoto ninavyo hadi leo.

Bima haikulipa kitu. Ghasia za kisiasa zinalipiwa kando, na hilo nililijua nikiwa nimeshika ufagio.

Agosti nikaenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Shata, yaani mlango wa chuma unaoviringishwa juu, futi nane kwa tisa, shilingi 52,000 pamoja na kuifunga, nusu kwanza. Fundi aliahidi wiki moja, zikawa tatu. Tulipatana bati la geji 18, akaleta 20, ambalo ni jembamba zaidi. Nikalalamika, akapunguza 3,000. Hiyo ndiyo nyota niliyomnyima. Lakini reli zimenyooka, springi haichoshi mkono, na sehemu ya kofuli imefichwa ndani ya kisanduku cha chuma, mkasi wa bolti haufiki. Kelele yake ni ya kuamsha wafu.

Dada mmoja wa maombi ya saa saba mchana alinisuta kuwa imani imeniishia. Nikamfungulia Nehemia sura ya nne, aya ya tisa: walimwomba Mungu na wakaweka walinzi, vyote viwili ndani ya aya moja. Basi akanirudishia Zaburi 127, kwamba Bwana asipoulinda mji, aulindaye akesha bure. Soja wetu wa usiku alikuwa anasikiliza. "Mama, kwani mimi nakesha bure?" Tukacheka, lakini mwisho wa mwezi alikumbusha mshahara mapema kuliko kawaida.

Mwaka ukaisha. Tarehe 25 Juni 2025 vijana walirudi barabarani kuwakumbuka waliouawa, na kukiwa na vurugu, waporaji wakapata nafasi yao. Maduka mengi ya katikati ya jiji yalivunjwa. Kwangu waliingiza mtaimbo pembe ya chini kulia. Bapa mbili za shata zimepinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia. Kofuli halikutoka.

Jirani yangu, milango miwili mbele, alifungiwa shata na fundi yuleyule, kofuli la aina moja na langu. Ni shemasi, anafunga kila Jumatano. Kwake walisafisha hadi viango. Ndiyo maana sipendi kusimama kanisani na kushuhudia jinsi nilivyolindwa. Atakuwa ameketi palepale, nitamwambia nini? Wiki tatu aliuza soksi kwenye nusu ya benchi yangu, na kila asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuomba, mimi nikivuta shata. Sijui mtu hupata wapi sauti ya kushukuru akiwa amebakiwa na katoni moja ya soksi. Lakini niliisikia.

Siku hizohizo kijana alinijia na gunia la viatu vya shule, jozi kamili, shilingi 200 kila moja. Kibandiko cha bei kilikuwa cha duka ninalolijua. Nilikuwa na deni la shata bado. Nilishika kimoja, nikakigeuza soli, nikakirudisha. Mkono ulinitetemeka, sitadanganya.

Kama unanunua: pima geji mwenyewe kabla ya kulipa nusu ya pili, dai chuma cha pembe chini kabisa ya shata, na utie grisi reli kila mwezi. Fundi alikuja kunyoosha zile bapa mbili bila malipo. Moja imekataa.