Jaribio la Project Implicit: afadhali lifanywe na anayeajiri

Mimi ni wakili hapa Mombasa, na bado kuna makarani wanaoniuliza, "Mama, wakili wako yuko wapi?" Ndiyo maana jaribio hili la bure mtandaoni, lililoanza 1998 na linalopima upendeleo tulio nao bila kujua, nalipendekeza kwa kila ofisi ya mawakili. Unabonyeza herufi E au I haraka haraka, ukipanga majina ya kike na ya kiume pamoja na maneno ya kazi na ya nyumbani. Kidole kikisita jina la kike linapopangwa na kazi, kimesema ambacho mdomo haukiri. Kasoro yake ni kwamba ukirudia, matokeo huweza kubadilika. Wenye jaribio wenyewe wanaonya lisitumike kuchagua wafanyakazi. Sisi tumeongeza jambo moja: barua za maombi tunazisoma majina yakiwa yamefichwa, maana huku Kenya jina tu hutaja kabila kabla mtu hajaitwa kwenye mahojiano.