Ushongo ni ufukwe wa watoto, lakini nani aliyefunga ile kamba?

Sitawashauri wenye familia kwenda Ushongo, angalau si mpaka hoteli moja ya pale ifungue kamba iliyoifunga mchangani. Najua kwamba hukumu hiyo ni nzito kwa ufukwe ambao wenyewe haujamkosea mtu, na huenda nikaipunguza kabla sijamaliza kuandika, lakini ndiyo niliyorudi nayo Tanga, na anayesoma ana haki ya kujua imetoka wapi.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kiasi cha kilomita 50. Pangani tulivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, kwa kuwa wakati huo daraja lilikuwa bado linajengwa, kisha tukafuata njia ya vumbi kuelekea kusini katikati ya minazi. Ilikuwa likizo ya mwisho wa mwaka, kaskazi ikivuma, na joto lilikuwa limewachosha watoto tangu tulipokuwa foleni ya pantoni. Nilikuwa na mume wangu, watoto wetu na wa dada yangu, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye alikulia Pangani na alikuwa hajakanyaga upande ule kwa miaka mingi.

Ufukwe wenyewe naupa haki yake yote. Ni mpana kiasi kwamba familia kadhaa zinaweza kukaa bila kusikilizana mazungumzo, jambo ambalo mtu aliyewahi kupeleka watoto kwenye fukwe za Dar es Salaam siku ya Idd atalielewa mara moja. Mchanga unashuka baharini polepole sana, bila shimo la ghafla, kwa hiyo mtoto anaweza kutembea mbali na maji yasimpite magoti. Maji yanapokupwa hubaki madimbwi yenye joto, na humo wanangu walishinda wakifukuza kaa na kubishana kama kiti cha pweza kina macho. Mawimbi siku hiyo yalikuwa madogo. Sikuona mwokoaji wala kibao cha tahadhari, kwa hiyo mzazi awe macho mwenyewe, hasa siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji huenda mbali zaidi na yakirudi juu ya mchanga tambarare kama ule hayamsubiri mtu amalize kukusanya viatu. Hilo silihesabu kuwa dosari ya mahali, kwa kuwa bahari ndivyo ilivyo.

Mama aliketi juu ya mkeka, akawaonyesha wajukuu upande wa bahari kilipo Kisiwa cha Maziwe. Anasema alipokuwa msichana kilikuwa na mivinje, na wavuvi walikitambua kwa mbali kwa miti hiyo. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kimehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1975, miti ikaisha hata hivyo, lakini kasa hawajaacha kwenda kutaga pale. Kwa kuwa maji yangeyafunika mayai, wapo wanakijiji waliofunzwa kuyahamisha kwa uangalifu na kuyafukia upya bara, kwenye mchanga huu huu wa Ushongo, hadi yaanguliwe. Watoto walitaka kujua kila kitu: nani anayabeba, kwa ndoo gani, na kama kasa mama hukasirika. Mpaka saa hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hapa ndipo tutakapokuwa tukija kila likizo. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikwenda Ushongo nikitafuta ugomvi.

Mlangoni mwa hoteli ninayoizungumzia, tulipofika asubuhi, tuliagiza samaki wa chakula cha mchana na tukalipa nusu, kama walivyotaka. Jikoni walituambia kwamba samaki atachukua muda, tukawajibu kwamba hatuna haraka. Tukateremka mchangani, tukatandika mkeka chini ya mkungu wenye kivuli kizuri, tukaweka deli letu la maji, na watoto wakaanza kujenga kitu walichokiita boma, chini kabisa, kwenye mchanga uliolowa. Ule mstari wa mwani unaoachwa na maji yaliyojaa ulikuwa juu yao. Maana yake ni kwamba walikuwa wakicheza mahali ambapo baada ya saa chache pangekuwa bahari.

Akaja mlinzi. Alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mwenye rungu na sare safi. Alisimama mbele ya mama yangu, mwanamke mwenye mvi aliyejitanda kanga, na neno lake la kwanza halikuwa shikamoo wala habari.

“Huku hakukaliwi,” akasema. “Hili ni eneo la wageni.”

“Na sisi ni wageni, mwanangu,” mama akamjibu, kwa upole ambao mimi sina.

“Wageni wa hoteli. Hamuoni kamba?”

Kamba ilikuwepo. Ilikuwa kamba ya manila ya buluu, imefungwa kwenye mnazi, ikashuka juu ya mchanga hadi kwenye kigingi karibu na mstari wa mwani. Upande huo tuliokaa kulikuwa pia na vitanda vya kuotea jua na miavuli ya makuti, vyote vitupu isipokuwa wazungu wawili waliokuwa wamelala wakisoma, ambao kwa haki yao niseme hawakuwa wamelalamika na mmoja wao alikuwa akitabasamu kuangalia boma la watoto. Nikamweleza mlinzi kwamba tumeagiza chakula hapo hapo na tumelipa. Akasema chakula ni chakula na eneo ni eneo. Mume wangu akauliza mwenye bahari ni nani. Akajibu kwamba watoto wanaharibu mandhari ambayo wageni wameyalipia.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Nimewahi kuchelewa kuhudumiwa, nimewahi kuletewa pweza mgumu kama ndara, nikasamehe na kusahau. Lakini watoto wa Tanga wanaochimba mchanga wa Tanga kuitwa uharibifu wa mandhari, mbele ya bibi yao aliyekuwa akiogelea kwenye maji yale kabla mnazi wenye kamba haujapandwa, ni jambo ambalo sijui namna ya kulisamehe, na wala sijajitahidi sana. Mayai ya kasa yanasafirishwa kwa ndoo ili yapate nafasi kwenye mchanga ule, na vizuri kabisa yafanyiwe hivyo. Mama yangu alifika kwa nauli yake, akaambiwa ainuke.

Sheria nayo iko wazi zaidi kuliko yule kijana alivyofundishwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sidai kwamba kitanda cha kuotea jua ni jengo, wala kwamba kamba ya manila ni ukuta, na huenda mwanasheria angenicheka kwa kuzitaja sheria mbili kwa ajili ya kivuli cha mkungu. Ila anayefunga kamba kutoka kwenye mnazi hadi mahali maji yanapofika anataka aaminiwe kuwa ana ukuta. Halafu anaifunga Pangani, mji ambao mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipopandisha bendera yake bila kuulizana na wenyeji, watu walisimama nyuma ya Abushiri na vita vikashika pwani nzima. Silinganishi hoteli na ukoloni. Nasema tu kwamba mtu anayekuja kufanya biashara mahali fulani angejisumbua kuuliza habari za mahali hapo.

Tulihama. Mume wangu alikata shauri kwamba tusigombane mbele ya watoto, nami nikakubali kwa shingo upande. Tuliokota mkeka, deli, ndoo na viatu, tukasogea hatua chache tu, upande wa pili wa kamba, kwenye jua kali, maana kivuli kilibaki upande wa wageni. Boma likaachwa, na hakuna aliyelibomoa. Maji yalilifuata jioni. Mtoto mdogo wa dada yangu akauliza kwa sauti kubwa kama bahari ya upande huu ni ya bure.

Baadaye alikuja meneja, mwanamama mwenye heshima, ambaye naamini alikuwa ameelezwa na watu wa jikoni. Alimwamkia mama yangu vizuri, akaomba radhi kwa usumbufu, akaagiza mama aletewe juisi ya ukwaju bila malipo, na akasema mlinzi ni mgeni kazini. Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kulegea, nakiri, kwa sababu yule mama alikuwa na adabu ya kweli na alisimama juani pamoja nasi muda wote aliozungumza. Mama yangu aliinywa juisi yote, akashukuru, akamrudishia glasi, kisha akamwuliza: “Na kamba, mwanangu, nayo ni ngeni kazini?” Meneja akacheka, akasema atalifikisha kwa wahusika. Kamba ilikuwepo tulipoondoka. Samaki, aliyekuwa changu mkubwa na aliyekaangwa vizuri, aliletwa upande wetu akiwa amepoa, na tukalipa nusu iliyobaki yote, bila kupunguziwa.

Kwa hiyo nawaambia nini wenye watoto? Nilipoanza kuandika nilikuwa nasema msiende. Sasa nimeandika habari za madimbwi na viti vya pweza, na ninavyozidi kuyafikiria, naona ningekuwa nawapokonya wanangu kwa hasira yangu kile ambacho mlinzi hakuweza kuwapokonya kwa rungu. Nendeni basi, ila msikae mbele ya hoteli. Tembeeni ufukweni kuelekea kijijini, mahali ngalawa zinapovutwa mchangani. Kule tulikwenda alasiri, na wavuvi waliokuwa wakirekebisha nyavu walitusogezea mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa ili mama apate pa kuegemea, wakatuuzia madafu, na watoto wao na wetu wakawa kundi moja kabla hatujamaliza kusalimiana. Vivuli vipo vya kutosha. Vyoo havipo, na hilo kwa familia yenye wadogo si jambo dogo. Mwenye kitoto cha miaka miwili pengine bado atalazimika kulipia huduma za hoteli, na hapo sijui nimshauri nini, isipokuwa aulize habari za eneo na kamba kabla hajatoa hata shilingi ya samaki.

Beba maji yako, chakula chako na mwavuli. Epuka msimu wa masika, maana barabara inakuwa tope na Mto Pangani, unaoleta maji kutoka Kilimanjaro na Meru, hushusha maji ya udongo yanayochafua bahari ya jirani. Mama anasema twende tena mwezi ujao ukiwa mpevu, maji yakipwa mbali, na kwamba anataka tupite njia ile ile ya mbele ya hoteli, polepole, ili yule kijana apate nafasi ya kuamkia.